Mapenzi, Watoto na Baiskeli: Leo Nani Anapanda Mlima?

Hebu tuambiane ukweli, msomaji wangu. Mjini kwetu ukionekana juu ya baiskeli na umevaa vizuri, mkoba begani na kitambulisho cha kazi shingoni, swali la kwanza huwa moja tu: "Gari limepata nini?" Ukijibu kwamba gari halijapata kitu, umeamua tu, watu wanakuangalia kwa huruma. Wengine wanaamini kabisa kwamba umefilisika na unaona aibu kusema. Sasa mpakie mtoto nyuma ndiyo uone. Mimi nimeshasimamishwa Soko Matola, hapa Mbeya, na mama mtu mzima nisiyemjua. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, baba yake yupo kweli?"

Baba yake yupo. Na yeye ana baiskeli. Tena ya kwake ni ya bei kuliko yangu, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Nyanda za Juu Kusini baiskeli si mgeni hata kidogo. Ndiyo inayoleta maziwa asubuhi, ndiyo inayobeba mkaa, ndizi na viazi, na kule Iringa ndiyo inayoingiza madumu ya ulanzi mjini msimu wa mvua ukifika. Wazazi wetu wanaikumbuka Phoenix ya Mchina, wanaikumbuka na Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini, na mzee aliyekuwa nayo aliilaza ndani, chumba kimoja na yeye. Tuliobadilika ni sisi. Tulipomaliza chuo na kupata ajira tukaamua kwamba baiskeli ni ya mtu mwenye shida, ndoto ikawa IST. Mimi sina ugomvi na IST, tunayo moja na bado tunadaiwa. Linatoka siku za mvua kubwa, siku za hospitali na siku za kwenda kijijini. Siku nyingine zote familia hii inakwenda kwa pedeli, na nimeombwa mara nyingi na wasomaji, hasa akina dada wenye watoto wadogo, nieleze inawezekanaje.

Tulianzia Iringa, kabla ya watoto. Tulikuwa tumepanga Kihesa, wote wawili tunafanya kazi mjini. Anayeijua Iringa anajua kwamba ukishakuwa kule juu mambo si mabaya, unatoka Kihesa mpaka Miyomboni bila kuhema sana. Balaa ni Ipogolo. Kule chini ndiko inakopita barabara kuu na Mto Ruaha Mdogo, na kutoka pale kwenda mjini ni kupanda tu, kona baada ya kona. Jina lenyewe la mji limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, Wajerumani wakaiteka mwaka 1894, halafu wao wakaweka mji wao juu ya kilima hiki. Bila shaka walitaka mahali ambapo adui atapanda kwa taabu. Mimi si adui wa mtu, lakini kila nilipotoka Ipogolo na nyanya kwenye keria, miguu yangu ililipia hesabu zao.

Enzi hizo baiskeli ndiyo ilikuwa mtoko wetu. Wenzetu walikwenda kunywa soda mahali, sisi tulikwenda Kalenga na kurudi, au tunapanda Gangilonga jioni kuangalia jua linavyozama, tunagawana karanga. Hela hatukuwa nayo na wala hatukuitafuta sana. Nakwambia hivi ili ujue kwamba sikulazimishwa kupenda kitu cha mume. Tulikipenda pamoja.

Halafu akaja mkubwa wetu.

Hapa nitasema jambo ambalo akina baba wanaosoma ukurasa huu hawatalipenda. Baiskeli yangu ilining'inia ukutani kwa zaidi ya mwaka, ikawa ya kuanikia nepi. Ya baba watoto haikuning'inia hata wiki moja. Aliendelea kwenda nayo kazini, na Jumamosi alfajiri aliendelea kutoka na wenzake kwa saa nne, tano, anarudi anang'aa kwa jasho na furaha, anauliza chai iko wapi. Si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile saa nne kuna mtu anazilipia.

Na vifaa, jamani! Anayeanza baiskeli anakwambia ni usafiri wa bei nafuu, na ni kweli, mpaka siku atakapokutana na wenzake wanaoipenda kama yeye. Ikaja helmeti. Ikaja kaptula ya kubana yenye sponji makalioni. Zikaja glovu, miwani, chupa maalum ya maji. Mwezi ambao mtoto alikuwa ameanza kula na nilikuwa napiga hesabu za maziwa na unga wa lishe, kikaja kifurushi na basi kutoka Dar es Salaam. Ndani, viatu.

"Baba watoto, hivi viatu vinatembelewa?"

"Havitembelewi sana, mama. Vinashika pedeli."

"Kwa hiyo tumenunua viatu vya kukalia."

Alicheka. Mimi sikucheka, na usiku ule tulizungumza mpaka saa 7. Sikumwambia aache. Mtu ukimnyima kitu kinachomtoa stresi atatafuta kingine, na vingine ninavyovijua mimi ni vya ghali zaidi na vina majina ya wanawake. Nilichoomba ni kimoja: kila shilingi inayokwenda kwenye vifaa vyake, shilingi ya pili iende kwenye vifaa vya mimi na mtoto. Tukaandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani. Mpaka leo lipo. Utashangaa jinsi hamu ya glovu inavyopungua mtu akijua bei yake ni mara mbili.

Kifaa cha kwanza kutoka kwenye shilingi yetu kilikuwa kiti cha mtoto. Dukani hakikuwepo, si Iringa wala Mbeya, tukakipata mtumbani, cha plastiki ngumu, kina mikanda ya mabegani na mahali pa kuwekea miguu, kwa 35,000/-. Kama unatafuta, waulize wanaofungua mitumba ya Japani. Kule akina mama wana baiskeli yao kabisa, wanaiita mamachari, nzito, ina kapu mbele na stendi pana isiyoyumba, na tangu mwaka 2009 sheria yao inaruhusu mzazi kupakia hata watoto wawili wadogo mradi baiskeli iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Zikifika huku watu wanang'oa viti wanavitupa ili waweke magunia. Mimi nilikuwa naokota wanachotupa.

Sasa tuingie kwenye mambo ya mtoto mwenyewe, maana hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi.

Kabla hajatimiza mwaka 1, hapana. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema hivyo hivyo, na sababu inaeleweka hata bila udaktari: shingo haijawa na nguvu ya kubeba kichwa na helmeti huku barabara inamrusharusha. Najua mitaani tunaona mama amemfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko na anaendesha. Wengi wao hawana njia nyingine na sitawahukumu. Ila wewe mwenye njia nyingine, subiri. Mwaka mmoja si mwingi. Na viti vya nyuma vya aina yetu vimetengenezwa kwa mtoto wa kama kilo 9 mpaka 22. Akizidi hapo baiskeli inaanza kukuendesha yeye.

Miguu ndiyo inayoumiza watoto wengi kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto anakalishwa kwenye keria tupu, miguu inaning'inia, anasinzia, kisigino kinaingia kwenye spoku. Daktari yeyote wa mifupa atakuambia anavyolijua jeraha hilo. Kwa hiyo kiti kiwe na kinga ya miguu, na kama kiti huna, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukuwekea bati pande zote mbili za tairi la nyuma. Ukiwa pale pale mwambie akutafutie na kava la cheni, maana kitenge na cheni haviivani, nimepoteza doti mbili nzuri kwa njia hiyo.

Halafu kuna baridi. Hili wenzetu wa Dar hawalijui. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai asubuhi inauma kweli. Wewe unayepiga pedeli, dakika 5 tu umeshafungua zipu ya koti, unatoka jasho. Mtoto nyuma hafanyi kazi yoyote. Amekaa, upepo unampiga, na mgongo wako ndio unamkinga kidogo. Ukijipima wewe utamvalisha kidogo. Mimi nina kanuni yangu: nikimaliza kumvalisha nikaona amekuwa kama mpira, namwongeza soksi. Helmeti inakaa juu ya kofia nyembamba ya sufi, si juu ya mzula mnene, kwa sababu mzula mnene unaifanya ichezecheze na siku ya kuanguka haitakuwa mahali pake. Ukingo wake wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Ya mtumba ikague ndani, ikiwa na ufa au inamomonyoka ukiikuna, hiyo ni pambo la ukutani.

Na giza. Nchi nzima tunatumia saa moja lakini jua halina habari. Sisi tuko magharibi, linatufikia zaidi ya dakika 20 baada ya Dar es Salaam, na Julai linachomoza Mbeya kama saa 1 kamili asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza anayetakiwa awe shuleni mapema anatoka nyumbani hakujapambazuka vizuri, na mara nyingine na ukungu juu yake. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda. Shilingi ya viatu vya baba ndiyo ilinunua taa.

Tulihamia Mbeya mkubwa akiwa na miaka 3. Sasa ana 6, na mdogo wake ana 2 na nusu. Tunaishi upande wa Forest, ofisi yangu iko Uhindini, na chekechea iko chini, upande wa Mwanjelwa. Kwa hiyo asubuhi nateremka na mzigo, kisha napanda nikiwa mtupu, na ukiniuliza mimi huo ni mpangilio kutoka kwa Mungu. Jioni ndiyo kinyume chake, ila jioni tuna zamu.

Zamu hizo zilikuja kwa shida. Mwaka jana, mwezi wa 5, nikiwa na mdogo nyuma, Kosta moja ilikata ghafla kushoto kuwahi abiria pale Mafiati. Haikutugusa. Iliniacha na nafasi isiyotosha, nikashuka kwenye ukingo wa lami, tairi la mbele likazama kwenye changarawe, nikasimama na mguu mmoja huku baiskeli imeinama. Mtoto alikuwa amefungwa mikanda, hakutikisika, alidhani ni mchezo, akasema, "Tena!" Konda akanipungia mkono kwa ukarimu kabisa kama vile tumesalimiana.

Nilimsimulia baba watoto jioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtoto hapandi tena. Basi." Akaondoka mezani.

Tulinuniana siku tatu. Na nimeifikiria sana ile siku tatu, kwa sababu haikuwa suala la baiskeli peke yake. Yeye aliogopa, na mwanaume wa kwetu akiogopa anatoa amri. Mimi nilisikia amri. Kwa mtoto kutopanda tena, maana yake mimi niamke saa 10 na nusu badala ya saa 11, nipange foleni ya daladala na watoto wawili, nichelewe kazini, na mwisho wa mwezi nikae na bosi wangu kueleza. Yeye angeendelea na baiskeli yake, Jumamosi na saa nne zake. Kosta ilinibana mimi, na adhabu nikapewa mimi!

Siku ya nne nikamwambia, "Baba, sikubishii kwamba barabara ni mbaya. Lakini wewe hujawahi kumbeba. Mbebe wiki mbili, halafu utakachosema nitakifuata."

Alikubali haraka, akidhani ni rahisi. Siku ya kwanza alitoka na viatu vyake vya kushika pedeli. Siku ya pili alivaa raba. Siku ya tatu alirudi na kioo cha pembeni cha pikipiki akakifunga kwenye usukani. Mwisho wa wiki nikamkuta sakafuni na karatasi, anachora mitaa. Mtu ambaye kila siku alisifia lami nzuri kwa sababu unaweza kukimbia, sasa alikuwa anatafuta njia za vumbi zenye watu wengi, bajaji polepole na mafundi cherehani barazani.

Njia aliyoichora ndiyo tunayoitumia. Ni ndefu kwa kama kilometa moja na ina sehemu mbili za kushuka na kukokota. Barabara kuu ya TANZAM hatuiendeshi tukiwa na mtoto, tunaivuka tu, kwa miguu, baiskeli mkononi. Hiyo ni barabara ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Dereva aliyeshuka Mlima Iwambi au anayetokea Uyole na mzigo wa tani 30 hata akitaka kukusaidia hawezi. Siku za mvua kubwa mtoto hapandi. Hilo lilikuwa lake, nikalikubali. La kwangu lilikuwa kwamba zamu ya jioni ni yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akalikubali.

Kuna watakaosema hayo ya kumbeba mtoto kwa baiskeli ni ya Wazungu, wana barabara zao. Barabara hizo hazikuota zenyewe. Uholanzi mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakachoka. Wakaanzisha harakati waliyoiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, wakawa wanalala barabarani na baiskeli zao mpaka wakubwa wakasikiliza. Zile njia za baiskeli tunazoziona kwenye picha zimetokana na kelele kama hizo pamoja na bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973. Na huku kwetu si kwamba hakuna kitu. Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likiweka matuta, vivuko, alama na njia za waenda kwa miguu mahali watoto walipokuwa wanagongwa, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya WRI Ross ya miji. Wala haikuwa kazi ya mabilioni, ni tuta na njia ya miguu. Ninapopita mbele ya shule ya mkubwa wetu, ambako magari yanatakiwa yasizidi kilometa 50 kwa saa na yanazidi, huwa najiuliza kikao cha wazazi cha mwezi ujao kitajadili tena sare au tutafika kwenye tuta. Mimi nimeshaomba liwekwe kwenye ajenda.

Turudi nyumbani, maana bado kuna Jumamosi. Saa nne za baba zipo, sikuzifuta. Anaenda zake Mbalizi na kurudi, na wenzake. Ila Jumapili baada ya ibada saa nne ni zangu. Si za kwenda sokoni, si za kufua. Ninaweza nikaendesha, ninaweza nikalala kwa shoga yangu, hairuhusiwi kuulizwa. Mara ya kwanza alipobaki na wote wawili alinipigia simu mara 6. Juzi hakupiga hata moja, na nikarudi nikakuta wamekula wali wa jana kwenye sufuria moja na vijiko vitatu, wana raha zao. Nyumba ilikuwa haitazamiki. Sikusema neno.

Septemba 2025 tulifanya tofauti kidogo. Mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, na baba watoto alijitangazia likizo ya sebuleni. Nikamwambia sawa, ila utaangalia na watoto, na utaangalia ya wanawake pia. Akaangalia. Aliposhinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hata yeye hakuwa amemtaja, mkubwa wetu aliruka juu ya kochi. Siku iliyofuata Pogačar alishinda ya wanaume kama ilivyotarajiwa na sebule ikawa kimya. Ila mtoto alikuwa ameshaona vilima vya Kigali, akavilinganisha na vyetu, akatoa hukumu yake: "Mama, hapa kwetu ni kama pale. Nataka yangu."

Na huko ndiko tulipo leo. Ana kilo 21. Kwenye kiti cha nyuma amebakiza miezi michache, na mdogo wake anakitaka. Baba amempata baiskeli ndogo ya mtumba, amebadilisha breki zote mbili, na jioni wanazunguka uwanjani. Anasema akifika darasa la nne ataweza kwenda shule mwenyewe kwa ile njia ya vumbi, sisi tumfuate nyuma kwa mbali. Mimi nasema darasa la sita. Yeye mwenyewe, muhusika, anasema Januari. Tumekubaliana kwanza baba na mimi tuende tukaipime ile njia kwa kimo chake, tukichuchumaa kila penye kona kuona dereva anaonekana kutoka wapi. Jumapili hii tunaanza, na kwa mara ya kwanza nimekubali kutoa saa nne zangu.